Kumwandaa Afisa Ustawi Mzoefu Asimamie na Kupima Wanafunzi wa Fildi

Afisa ustawi wa jamii mwenye miaka kumi na mitano kazini akiketi na mama aliyekuja kudai matunzo ya mtoto, huchukua dakika chache tu kutambua kwamba madai yaliyoandikwa kwenye fomu siyo yaliyomleta mama huyo ofisini. Anaacha kuuliza habari za fedha, anamwomba shemeji aliyemsindikiza akasubiri nje, anavuta kiti karibu, na baada ya kimya kirefu mama anaanza kusimulia kipigo. Mwanafunzi aliyekaa pembeni na daftari lake ameyaona yote hayo bila kuelewa hata moja. Jioni anapomwuliza afisa, "Mama, ulijuaje?", anajibiwa kwamba ni uzoefu. Jibu hilo ni la kweli, ila mwanafunzi analala siku hiyo akiwa vilevile alivyoamka.

Mwongozo huu unawahusu wanaopewa kazi ya kuwaandaa maafisa wa namna hiyo wawe wasimamizi wa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe wanayaita fildi. Nawalenga wakuu wa vitengo vya ustawi katika halmashauri, waratibu wa fildi wa vyuo na viongozi wa mashirika yanayopokea wanafunzi. Nimeuandika kutokana na mafunzo ninayoyaendesha mkoani Kigoma, Tanzania, ambako mwanafunzi mmoja anaweza kukutana ndani ya wiki moja na mgogoro wa ndoa wa Ujiji, mtoto anayelala mwaloni, yaani ufukweni inakotua mitumbwi ya wavuvi, mgonjwa asiye na ndugu katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na familia iliyotengana ilipokuwa ikivuka mpaka kutoka Burundi au Kongo. Katika mafunzo hayo nimeona kwamba afisa mzoefu akielekezwa vizuri hujifunza kufundisha kwa haraka, lakini kupima humshinda, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kutenganisha alichokiona na alichokidhania. Ndiyo maana nimetumia nafasi kubwa zaidi kwenye kutazama na kuandika kuliko kwenye mambo mengine.

Nani aalikwe, lini na wapi

Kosa la kwanza hufanyika kabla mafunzo hayajaanza. Barua ya mwaliko huandikwa kwa cheo, mkuu wa kitengo huja mwenyewe au humtuma yeyote aliye na nafasi siku hiyo, na yule afisa ambaye mwanafunzi atakaa naye meza moja kwa wiki zote za fildi hubaki ofisini akihudumia wateja. Mkuu wa kitengo ndiye atakayesaini fomu, lakini hatamwona mwanafunzi akifanya kazi. Kwa hiyo barua iseme wazi kwamba anayetakiwa ni afisa anayeshika mashauri kwa mikono yake mwenyewe, aliyefanya kazi hiyo kwa miaka isiyopungua mitatu, na aliyekubali kwa hiari. Mwombe pia alete nakala ya jalada moja lililofungwa, majina yakiwa yamefutwa. Jalada linaloonyesha nini kilifanyika, kwa nini na nini kilifuata ni dalili nzuri kwamba mwenyewe anaweza kumweleza mtu kazi yake. Ningeruhusiwa kigezo kimoja tu cha kuwachagua wasimamizi, ningechagua hicho na kuacha vyeti.

Nchini England mwanafunzi wa ustawi wa jamii hukaa kwenye mafunzo kwa vitendo siku 70 katika awamu ya kwanza na siku 100 katika awamu ya mwisho, na anayebeba dhamana ya kumpima katika awamu hiyo ya mwisho hutakiwa kuwa amepita ngazi mbili za mafunzo, ambamo yeye mwenyewe hutazamwa akimfundisha mwanafunzi. Sisi hatuna siku hizo, wala maafisa wa kutosha kujaza ngazi mbili. Fildi zetu huhesabiwa kwa wiki na mara nyingi huangukia likizo ndefu ya vyuo. Hata hivyo, sharti la msimamizi kutazamwa halihitaji fedha nyingi, na ningependa kila halmashauri ilichukue kama lilivyo.

Mafunzo yenyewe yapangie siku tatu mfululizo wiki mbili au tatu kabla wanafunzi hawajafika, nusu siku katikati ya fildi, na siku moja baada ya wanafunzi kuondoka. Usipange wiki nzima, kwa maana afisa ana tarehe za Mahakama ya Watoto ambazo haziahirishwi kwa sababu ya semina, na ukimlazimisha atakuja siku ya kwanza kusaini mahudhurio kisha apotee. Kwa mkoa wa Kigoma, Kasulu hufaa kuliko Kigoma mjini, kwa kuwa iko njiani kati ya wanaotoka ziwani na wanaotoka Kibondo na Kakonko. Anayetoka Kalya, mwambao wa kusini wa Uvinza, huenda akahitaji siku nzima ya safari, basi muhesabie siku hiyo. Na kuhusu posho niseme waziwazi: nauli na fedha za kujikimu zilipwe asubuhi ya siku ya kwanza, kwa sababu mshiriki anayewaza atakavyorudi Kakonko hakusikilizi.

Siku ya kwanza: kuisema kazi kwa sauti

Usianze na nadharia za ujifunzaji wa watu wazima. Waweke washiriki wawili wawili, na kila mmoja amsimulie mwenzake shauri moja lililokwisha, tangu mteja alipoingia mpaka jalada lilipofungwa. Msikilizaji anaruhusiwa maswali mawili tu, ambayo ni "Ulijuaje?" na "Ungefanya nini kama jibu lake lingekuwa jingine?" Kila msimulizi anapojibu "niliona tu" au "ni kawaida yao", msikilizaji arudie swali bila huruma. Zoezi hili huchosha, na ndani ya dakika ishirini chumba hujaa vicheko vya watu wanaogundua kwamba wamekuwa wakifanya uamuzi mzito kwa miaka mingi bila kuueleza kwa mtu. Baada ya hapo kila mmoja aandike sehemu tatu katika shauri lake ambapo njia iligawanyika, na sababu iliyomfanya afuate upande aliofuata. Karatasi hiyo ndiyo somo lake la kwanza kwa mwanafunzi, na aende nayo ofisini.

Sehemu ya pili ya siku iwe ya kuunganisha desturi za kazi na sheria, maana hapa mzoefu na mwanafunzi huwa na upungufu uliopishana. Mwanafunzi anakumbuka kwamba kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaja mtoto kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18 na kinataka maslahi bora ya mtoto yatangulizwe, lakini hajui aanzie wapi anapomkuta mtoto mwenyewe. Afisa anajua pa kuanzia, ila mara nyingi ameacha kutaja kifungu kwa sababu hakuna anayemwuliza. Toa mfano wa mwaloni: mvulana wa miaka 13 anaingia ziwani usiku na wavuvi wa dagaa, akishika taa, na asubuhi analala darasani. Waulize washiriki wangemfundisha nini mwanafunzi kupitia shauri hilo. Wengi wataanza na mzazi na mwenye mtumbwi, jambo ambalo ni sawa. Wachache watakumbuka kwamba sheria hiyohiyo inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa na inakataza kazi za usiku kwa mtoto, na kwamba mwanafunzi asiposikia hayo kutoka kwa msimamizi wake ataondoka akidhani ustawi ni kazi ya kubembeleza tu.

Malizia siku kwa makubaliano ya mafunzo, yaani karatasi ambayo msimamizi, mwanafunzi na mwalimu wa chuo husaini wiki ya kwanza. Iwe ya ukurasa mmoja. Itaje mashauri ya aina gani mwanafunzi atashika na kwa kiwango gani, siku na saa ya mazungumzo ya kila wiki, mara ngapi atatazamwa, na nani apigiwe simu mambo yakiharibika. Isitaje chai, muhuri wala kwenda kununua vocha. Nimewahi kukutana na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye baada ya wiki sita alijua kufungua rejesta na kupanga majalada kwa herufi kuliko karani, na alikuwa hajawahi kuzungumza na mteja hata mmoja. Msimamizi wake alimsifu kuwa ni mchapakazi.

Mazungumzo ya kila wiki

Alfred Kadushin, aliyefundisha ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, aliugawa usimamizi katika kazi tatu: ya utawala, ya kufundisha na ya kumtegemeza mtu. Wasimamizi wetu huelemewa na ile ya kwanza. Mazungumzo huwa ni kuangalia kama kitabu cha kumbukumbu, ile logibuku, kimejazwa, kusaini, na kukumbushana tarehe. Hakuna ubaya katika hayo, lakini yanachukua dakika kumi na hayamfanyi mwanafunzi afikiri.

Wafundishe washiriki kutenga saa moja kila wiki, siku ileile, simu zikiwa zimezimwa. Ofisi nyingi hazina chumba cha pili, na kivuli cha mwembe uani kinatosha, mradi wateja walio kwenye benchi hawasikii. Igizeni mazungumzo hayo ukumbini, mmoja akiwa mwanafunzi na mwingine msimamizi, na umpe "mwanafunzi" maagizo ya siri kwamba kila akiulizwa wiki ilikwendaje ajibu, "Ilikuwa nzuri, nimejifunza mengi." Wasimamizi wengi hupumua wakisikia hivyo na kuhamia kwenye mada nyingine. Wafanye warudie, safari hii wakianzia kwenye tukio moja dogo. "Nieleze ulipoingia kwa yule bibi. Ulikaa wapi? Nani alikuwa amesimama mlangoni? Uliuliza swali gani la kwanza, naye alitazama wapi kabla ya kujibu?" Kwa maswali hayo mwanafunzi hawezi kujificha nyuma ya neno "nzuri", na pengine yeye mwenyewe atagundua kwamba mlangoni alisimama mtoto wa mwenye nyumba, na kwamba ndiyo maana bibi alijibu kwa kifupi.

Kazi ya tatu, ya kumtegemeza mtu, usiiache ijiendee yenyewe. Mwanafunzi wa miaka 22 anayesikia kwa mara ya kwanza simulizi la mtoto aliyebakwa anahitaji kuulizwa siku hiyohiyo alilalaje na kama alikula. Baadhi watakuwa wanaishi kwa shangazi ambaye hawawezi kumweleza, na hawaruhusiwi kumweleza. Msimamizi asigeuke kuwa mganga wa roho yake. Amsikilize, amwondoe kwenye shauri hilo kwa muda ikilazimu, na kama hali haitulii amjulishe mwalimu wa chuo. Katika maigizo, wasimamizi wanaume hasa huruka hatua hii kwa utani. Waambie warudie.

Kutazama na kuandika

Siku ya pili nzima iwe ya jambo hili, na hata nusu ya siku ya tatu.

Mmoja wa washiriki wangu alikwenda kumtazama mwanafunzi wake Kibirizi, nyumbani kwa bibi anayelea wajukuu wanne. Mteja alikuwa ameombwa ridhaa na akakubali. Karatasi aliyoniletea msimamizi huyo ilikuwa na sentensi hii: "Mwanafunzi anajiamini, ana huruma na anajua kuongea na wazee." Nilimwomba aiweke pembeni na anisimulie tu kilichotokea, kama mtu anayesimulia ajali aliyoishuhudia. Alisema mwanafunzi alimkuta bibi akigeuza dagaa kwenye kichanja, akachuchumaa akaanza kugeuza naye, akauliza majina ya wajukuu mmoja mmoja kabla ya kuuliza kitu kingine. Baadaye bibi aliingia kwenye Kiha, akasema sentensi tatu hivi, na mwanafunzi, ambaye alitoka mkoa mwingine, akatikisa kichwa mara tatu kama aliyeelewa. Kwenye jalada aliandika kwamba chakula kipo. Msimamizi, ambaye ni mwenyeji, alikuwa amemsikia bibi vizuri: alisema kwamba tangu mbalamwezi ianze mitumbwi haitoki, dagaa wapya hakuna, na watoto wanakula mara moja kwa siku.

Tazama tofauti ya taarifa hizo mbili, ya karatasi na ya mdomo. Ya kwanza ingempa mwanafunzi alama ya juu na kumwacha na hatari ambayo siku moja ingeweza kumgharimu mteja. Ya pili inaonyesha kipaji cha kweli, kile cha kuchuchumaa na kutaja majina, na inaonyesha pia kosa linalofundishika: mwanafunzi hajui kusema "Bibi, hapo sijakuelewa." Msimamizi alikuwa ameyaona yote mawili, ila wakati wa kuandika aliyatupa, akabakiza hukumu.

Kwa hiyo wafundishe washiriki kugawa ukurasa katika safu mbili. Upande wa kushoto waandike waliyoyaona na kusikia tu: maneno, vitendo, nani alikaa wapi, saa ngapi. Upande wa kulia waandike maana wanayoyapa, na wasiandike chochote kulia ambacho hakina kitu cha kukiegemea kushoto. Anza kwa kuigiza kikao cha ofisini mbele ya wote, dakika kumi na tano, kisha someni karatasi kwa sauti. Utakuta "hakuwa msikivu" imekaa kushoto. Uliza: mlisikia nini? Mmoja atasema mwanafunzi alimkatiza mteja alipokuwa akitaja jina la mume. Mwingine atasema alikuwa akiandika muda wote bila kuinua uso. Hayo ndiyo ya kushoto. Rudieni zoezi mara tatu au nne na waigizaji tofauti, mpaka safu ya kushoto iwe ndefu kuliko ya kulia. Msiharakishe hapa hata kama ratiba inawabana.

Mwanafunzi atazamwe mara tatu kwa uchache: mapema, akiwa bado ameketi pembeni na kuuliza swali moja moja, katikati, akiongoza sehemu ya kikao, na karibu na mwisho, akiongoza kikao kizima na msimamizi akiwa kimya. Kukaa kimya ni mtihani wa msimamizi mwenyewe. Afisa mzoefu anapoona mwanafunzi anapotea huingilia, na mteja akisha­geuza uso kumwelekea afisa hatamrudia tena mwanafunzi. Kubalianeni mapema kwamba ataingilia tu usalama wa mtu ukiwa hatarini au mteja anaposhushiwa heshima. Mengine yasubiri kivuli cha mwembe.

Suala la lugha lililojitokeza Kibirizi lina sura nyingine mpakani. Kiha na Kirundi vinasikilizana kwa kiasi kikubwa, na mwanafunzi mwenyeji wa Kasulu anaweza kuzungumza na familia ya Kirundi bila mkalimani. Hilo humpa sifa ya haraka kuliko mwenzake kutoka Mtwara. Msimamizi apime ufundi na asipime asili: mwanafunzi wa Mtwara aliyejua kumtumia mkalimani vizuri, akamketisha mahali panapofaa, akamtazama mteja na siyo mkalimani, na akarudia majibu ili ahakikishe, amefanya kazi ya kitaaluma kuliko mwenyeji aliyepiga soga.

Alama

Fomu za vyuo hutofautiana, lakini nyingi zina orodha ya sifa, kila moja na alama zake: mahudhurio, uhusiano na wateja, uandishi wa taarifa, maadili, na kadhalika. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alionyesha kwamba maafisa wa jeshi waliotakiwa kupima sifa za askari wao moja moja walizipima kana kwamba zote ni sifa moja. Aliyeonekana mzuri kwa jumla alipata alama nzuri kila mahali. Fomu zetu zinasema hivyohivyo baada ya miaka mia moja. Mwanafunzi anayewahi na kusalimia kwa adabu hupata alama ya juu hata kwenye uandishi wa taarifa ambazo hakuna aliyezisoma.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo, katika halmashauri ambayo sitaitaja. Mwanafunzi wangu alikuwa mnyenyekevu, mwandiko wake ulikuwa mzuri, na alifika ofisini kabla yangu kila siku. Sikumtazama hata mara moja akiwa na mteja. Nikamjazia alama za juu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nikaongeza na barua ya mapendekezo. Miaka michache baadaye, akiwa ameajiriwa kwingine, nilisikia kwamba alimketisha binti aliyelalamika kufanyiwa ukatili na baba yake chumba kimoja na baba huyo, ili "wasuluhishwe". Binti aliondoka bila kusema neno. Ningekuwa nimemwona kijana huyo katika kikao kimoja tu cha familia, ningejua kwamba anaichukulia kila kesi kuwa ya usuluhishi.

Dawa yake ni mazoezi ya kulinganisha alama. Wape washiriki wote ukurasa uleule wa kumbukumbu za mwanafunzi na karatasi ileile ya safu mbili, kila mmoja ajaze fomu peke yake, kisha andikeni alama ubaoni bila majina. Mara zote nilizofanya hivyo, mwanafunzi yuleyule amefaulu sana kwa mshiriki mmoja na kuanguka kwa mwingine. Usitafute nani yuko sahihi. Waulize walitegemea mstari upi wa safu ya kushoto, na mkubaliane kwa maneno nini hasa kinatenganisha alama ya kutosha na isiyotosha kwa kila sifa. Kwa uandishi wa taarifa, kwa mfano, washiriki wa mwaka jana walikubaliana kwamba taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya Mahakama ya Watoto haitoshi kama haisemi mtoto mwenyewe alieleza nini, hata ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Maneno hayo yachapwe na kubandikwa nyuma ya fomu.

Sifa ambayo msimamizi hakuiona, asiipe alama. Aandike "sijaiona" na aeleze sababu. Chuo kitalalamika, na kilalamike.

Mwanafunzi ambaye hajafikia

Utafiti uliofanyika Uskoti na kutolewa mwaka 2003, uliohusu wauguzi wanaosimamia wanafunzi, ulionyesha kwamba baadhi yao waliwapitisha wanafunzi waliokuwa na mashaka nao, kwa sababu waliyasema matatizo wakiwa wamechelewa, waliogopa kumharibia mtu maisha, au hawakujiamini. Nimewasomea wasimamizi wa Kigoma sababu hizo, wakacheka, kisha wakaniongezea mbili: mwanafunzi ni mtoto wa mtu tunayemfahamu, na mwalimu wa chuo anafika mara moja tu, anakunywa soda, anasaini, anaondoka.

Hatua zake ni hizi, na zifanyiwe maigizo siku ya tatu. Msimamizi akiona jambo zito, amwambie mwanafunzi ndani ya wiki hiyo, ana kwa ana, akitumia safu ya kushoto: "Jumanne ulimwambia mteja kwamba mumewe akija utamweleza alichosema." Wakubaliane nini kibadilike na kufikia lini, na waandike. Mwalimu wa chuo apigiwe simu kabla ya katikati ya fildi, apelekewe na maandishi, maana simu peke yake husahaulika. Kama wiki mbili baadaye hakuna badiliko, msimamizi amwombe afisa mwingine amtazame mwanafunzi bila kuambiwa tatizo ni nini. Zikikubaliana karatasi za watu wawili, fomu ijazwe hivyo. Mwanafunzi asisikie kwa mara ya kwanza siku ya mwisho kwamba hakutosha; akisikia hivyo, kosa ni la msimamizi. Na yule aliye "mtoto wa mtu tunayemfahamu" apewe msimamizi mwingine tangu wiki ya kwanza.

Mipaka

Yapo mambo machache ambayo hayahitaji maigizo, yanahitaji kusemwa bila kuzungukwa. Msimamizi anashika alama za mwanafunzi, na mwanafunzi anajua hilo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inakataza mwenye mamlaka kudai ngono au upendeleo mwingine ili atoe kile ambacho ni haki ya mtu, na fomu ya fildi imo humo. Wape washiriki namba ya ofisi ya TAKUKURU ya mkoa, na wanafunzi wapewe pia, mbele ya wasimamizi wao. Msimamizi asimkaribishe mwanafunzi kuishi nyumbani kwake, hata kama nia ni njema na vyumba vya kupanga ni ghali.

Majalada hayapigwi picha. Wanafunzi hupiga picha kurasa ili wakaandike ripoti jioni, kisha picha hukaa kwenye simu pamoja na za harusi na kuishia kwenye kundi la wenzao. Tangu kuwepo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hili ni zaidi ya utovu wa maadili. Katika ripoti ya chuo mteja apewe herufi, na kijiji kisitajwe panapokuwa na familia moja tu ya aina hiyo.

Kwa wanaosimamia mashirika yanayofanya kazi kambini, kama Nyarugusu, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1996, kibali cha mwanafunzi kuingia kiombwe mapema kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kabla makubaliano ya mafunzo hayajasainiwa. Nimeona mwanafunzi akimaliza wiki tatu za fildi getini.

Baada ya wanafunzi kuondoka

Nusu siku ya katikati ya fildi itumike kusoma karatasi za safu mbili ambazo wasimamizi wameshaandika, wakibadilishana. Hakuna mada mpya. Katika kipindi hicho pia, mwendeshaji wa mafunzo, au mshiriki aliyepita mwaka uliotangulia, amtembelee kila msimamizi mara moja na kukaa kimya kwenye saa yake ya mazungumzo na mwanafunzi, akijaza safu mbili kumhusu msimamizi. Anayemtazama mtu anapaswa kujua kutazamwa kukoje, na wengi huniambia baadaye kwamba siku hiyo ndipo walipoacha kumkatiza mwanafunzi.

Siku ya mwisho kila msimamizi alete vitu vitatu: karatasi za kutazama zisizopungua tatu, kumbukumbu za mazungumzo ya kila wiki, na fomu ya alama. Kaa naye dakika ishirini, mchague pamoja alama mbili kwenye fomu, moja ya juu na moja ya chini, naye akuonyeshe mstari uliozizaa. Anayeweza kufanya hivyo apewe barua ya kusimamia mwanafunzi peke yake mwaka unaofuata. Asiyeweza, ambaye mara nyingi ni afisa hodari sana kwa wateja wake, apangiwe mwanafunzi mmoja wa kusimamia pamoja na mwenzake, na fomu isainiwe na wote wawili.